Cherehani bila vifaa vyake ni nusu ya biashara

Ukisimama Namanga, Busia au Mutukula siku ya soko, hukosi kuona cherehani iliyofungwa nyuma ya pikipiki ikivushwa upande wa pili. Ni biashara halali na yenye faida, kwa kuwa kila nyumba ina nguo ya kushona. Kosa letu wafanyabiashara ni moja: tunauza mashine, tunapokea pesa, tunasahau kumuuliza mnunuzi anakwenda kushona nini.

Mchukue mama anayeshona mifarishi ya viraka nyumbani kwake. Hukusanya vipande vya kitenge kwa mafundi, akaviunganisha, akatandika pamba katikati na kitambaa kingine chini, kisha akashona tabaka zote tatu pamoja. Kuunganisha viraka hakumsumbui. Cherehani yoyote yenye mshono ulionyooka inatosha, hata Singer au Butterfly kuukuu ya kukanyaga kwa miguu, ambayo haimdai umeme.

Shida huanza kwenye tabaka tatu. Meno ya mashine huvuta kitambaa cha chini, cha juu kikabaki nyuma, na mfarishi ukajikunja. Dawa yake ni mguu wa kukandamizia wenye meno yake, unaovuta kitambaa cha juu sambamba na cha chini. Pia anahitaji sindano nene, namba 16 badala ya 11. Akitaka kuchora maua kwa uzi, atahitaji mguu wa kutarizi, na meno ya mashine yashushwe au yafunikwe ili auongoze mfarishi kwa mikono yake. Hayo yote ni vitu vidogo. Akivikosa, pesa aliyokopa kwenye chama imelala sebuleni.

Wapo wanaomshauri anunue mashine ya kiwandani kwa sababu ina nguvu. Nguvu inayo, lakini ina kasi kubwa, inadai meza yake na umeme, na zilizo nyingi hufanya mshono mmoja tu. Isitoshe, vifaa vyake haviingiliani na vya nyumbani. Sindano ya kiwandani kwa kawaida ina shina la mviringo, ya nyumbani ina upande mmoja bapa. Bobini hutofautiana, na hata urefu wa nguzo inayoshika mguu si mmoja. Ndiyo maana mfanyabiashara makini humwomba mteja alete sindano, bobini na mguu wa zamani kama sampuli kabla ya kufunga safari.

Liko pia suala la umeme. Mashine za mitumba kutoka Japani zimeundwa kwa volti 100, na za Marekani kwa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 220 hadi 240, mota inaungua. Soma kibao cha mashine kabla ya kulipa. Na anayepeleka Kigali au Bujumbura akumbuke kwamba plagi ya pini tatu za mraba ya Kenya na Uganda haiingii kwenye soketi za pini za mviringo za huko. Adapta ni kitu kidogo, lakini humwokoa mteja na fedheha ya siku ya kwanza.

Mpakani nako tusidanganyane. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama. Cherehani iliyoundwa China au India haigeuki kuwa ya kwetu kwa sababu imenunuliwa Nairobi au Kampala. Dalali anayekuambia vinginevyo anakutafutia hasara. Tunza risiti, na uliza ofisa wa forodha mapema.

Najua jibu la wengi: wateja hawana pesa, na vifaa vya ziada vinafunga mtaji. Sikubali. Miguu kumi, pakiti za sindano na mikanda ya mashine hutosha kwenye mkoba mmoja, wala havichukui nafasi ya mzigo mwingine. Mteja asiyeweza kununua vyote leo atanunua mguu mwezi huu na sindano mwezi ujao. Cherehani mtu hununua mara moja kwa miaka mingi. Sindano huvunjika kila mara.

Tunasema kila siku kwamba mipaka imefunguka. Kwa yule mama, maana yake ni mfarishi uliokamilika na kuuzwa. Kabla ya kumfungia mashine, muulize anashona nini, mjaribishe kwenye tabaka tatu mbele ya macho yake, kisha ndipo uhesabu faida.