Nia ya Kufungana Baina ya Ndugu

Mtu wa Kisiba, huko Rungwe, akimkabidhi mtoto wa nduguye mtamba amlishe, kwa sharti kwamba ndama wa kwanza ni wa mwenye mali na wa pili ni wa mlishaji, kisha yule wa pili alipozaliwa mwenye mali akakana, hakimu atauliza mambo mawili: je, walistahiki kufanya mkataba, na je, walikusudia kufungana nao?

La kwanza jawabu lake ni fupi. Sheria yetu ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya 1872, yataka katika kifungu cha 11 kila mwenye kuafikiana awe mtu mzima, yaani wa miaka 18, mwenye akili timamu. Wazee wa Kinyakyusa, wenyeji wa Rungwe, hawakuhesabu miaka. Kijana alihamia kijiji cha rika lake angali chini ya babaye, na mamlaka ya nchi yakakabidhiwa rika zima katika ubusoka, sherehe ya kukabidhi madaraka. Wanazuoni wa Kiislamu wa pwani nao walitaka rushdi, yaani busara ya kusimamia mali, juu ya baleghe. Hata hivyo naikubali hesabu ya miaka, kwa kuwa yamkinga mtoto na hila za wakubwa; basi ikiwa wote wawili wameitimiza na wana akili timamu, walistahiki.

La pili ndilo zito. Mwaka 1919, katika shauri la Balfour, ambamo mume aliyefanya kazi Ceylon alimwahidi mkewe pauni 30 kila mwezi, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba ahadi za nyumbani, kwa kawaida, hazikusudiwi kuwa mikataba. Kifungu chetu cha 10, ambacho chataja ridhaa huru, ustahiki, badali halali na kusudi halali, hakikuitaja dhana hiyo hata kidogo. Na kuileta nzima Rungwe ni dhuluma, kwa sababu huku ndugu ndiye mtu wa kwanza ambaye mkulima hufanya naye muamala, awe ampa mgomba, ng'ombe au nguvu za mikono yake. Zawadi na hisani zipo, na hizo zisigeuzwe deni. Lakini palipotajwa sharti mbele ya mashahidi, mali ikakabidhiwa, na mtu akakata majani ya ng'ombe masika na kiangazi kwa kutaraji haki yake, nia imekwisha kudhihiri kwa vitendo.

Mlishaji yule apewe ndama wake, na udugu usiwe hoja ya kumnyima.