Vita ya Ukraine na hesabu ya shaba yetu

Tarehe 2 Machi 2022, kule ONU, nchi 141 zililaumu Urusi juu ya kuingia Ukraine. Kongo ilikuwa kati yao. Tanzania na Angola hazikusema ndiyo wala hapana, na kwao njo shaba yetu inapita kufika bahari, Dar es Salaam na Lobito. Hatusemi Kinshasa ilikosea. Nchi iliyovamiwa inaelewa uchungu wa mwenzake. Lakini kura ile ilituletea nini?

Hapa Lubumbashi, kwanza mazout ya bei kali. Shaba ilipita dola 10 000 kwa tani mwezi ule wa Machi, kisha Julai ikashuka karibu na 7 000. Kuko nani kati yetu aliyeona mshahara ukipanda na shaba?

Tarehe 13 Juni, M23 wakakamata Bunagana. Urusi ilikuwa imepigwa vikwazo siku chache tu baada ya kuingia Ukraine, basi sisi pia tukangoja. Oktoba 2023 Ulaya ikasaini nasi mapatano ya madini. Februari 2024 ikasaini na Rwanda pia, wakati wataalamu wa ONU walikuwa wamekwisha kuandika kwamba jeshi la Rwanda linasaidia M23. Majenerali wa Rwanda waliwekewa vikwazo vya Ulaya Machi 2025, Goma na Bukavu zimekwisha kuanguka. Tuliingia na kura mukononi, wenzetu walikuwa wanaangalia madini tu, yatoke Kolwezi ao Kigali.

Wazee wa Gécamines wanajua habari hii. Tarehe 4 Oktoba 1973 Mobutu alikata uhusiano na Israeli, kule kule ONU, juu ya udugu na Misri. Siku mbili nyuma yake vita ikalipuka. Pipa la petroli, lililokuwa karibu dola 3, likapita 11 mwanzo wa 1974. Udugu haukutupunguzia hata senti. Mwaka ule ule shaba ikaanguka, na 1975 Zaire ikashindwa kulipa madeni yake.

Kitu kimoja kilisikika haraka. Februari 2025 serikali ilifunga usafirishaji wa kobalti, na zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Bei ikapanda, na wanunuzi wakubwa wakaanza kuuliza Kinshasa inataka nini. Pale hakuna aliyetuuliza tulipiga kura namna gani.

Desemba 2025 serikali yetu ilisaini mapatano mengine, Washington, na Marekani. Tunaomba wabunge wetu waje na karatasi ile Likasi, Kipushi na Kolwezi, waisome kwa Kiswahili mbele ya wachimbaji na bamama wao: tani ngapi zitasafishwa hapa, na kazi ngapi zitabaki kwa watoto wetu.