Picha nane tu

Kamera ya kukunja ya marehemu babu inatoa picha nane kwa filimu moja ya 120, kila moja sentimita 6 kwa 9. Juzi, hapa Kimanga, nilitumia saba kati ya hizo kwa mama mmoja anayeanika ndagala. Wenzangu wa kitivo walicheka: simu ingetoa mia.

Ingetoa, ndiyo. Lakini kwa simu nisingeketi naye. Kwa kamera hii napima mwanga, nakadiria umbali kwa hatua, nazungusha filimu kwa mkono, na muda wote huo mama ananisemesha. Ndivyo nilivyopata maneno manne ya uvuvi ambayo kamusi yangu haina. (Picha mbili ziliungua, mfuko wa ngozi umetoboka kwenye kona, mwanga unapenya.)

Katika kukusanya msamiati tunadaiwa rekodi nyingi. Naona tunakosea. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalichukua albamu zote za kwetu, zikabaki negativu zilizokuwa ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Sura zimo, nyeusi na nyeupe, safi kabisa. Majina hayamo. Aliyeyajua ni babu, na hatukuwahi kumwuliza.

Basi nawaomba walimu wetu: mwanafunzi alete picha nane, na nyuma ya kila moja aandike jina la aliyepigwa kama ameridhia, neno alilolitoa, na siku.

Ya nane alinipiga mama yule mwenyewe. Kichwa changu hakimo, ila ndagala wote wameonekana.