Mali Bila Daftari: Fedha za Kaya Zastahili Kusomewa Chuo Kikuu

Kila mwisho wa mwezi, katika ofisi na shule nyingi za Tanzania, huonekana jambo la kustaajabisha. Mhasibu aliyefunga hesabu za mamilioni ya shilingi za umma bila kupotea hata senti moja hurejea nyumbani asijue mshahara wake mwenyewe utamfikisha tarehe ngapi. Mwalimu wa hisabati, aliyeshinda darasani akiwafafanulia watoto kanuni za riba, jioni hutia saini mkataba wa mkopo ambao riba yake hakuipigia hesabu. Watu hawa si wajinga, wala si wavivu. Ni wasomi waliofundishwa kutunza fedha za kila mtu isipokuwa za nyumba zao.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa muda mrefu usemi huo umedhaniwa kuwa ni wa wenye maduka. Kwa kweli unaihusu zaidi familia, maana duka likifilisika hufungwa, lakini familia haifungwi. Watoto wataendelea kula na wazazi walioko kijijini wataendelea kuuguzwa hata kama mfuko umekauka. Ndiyo sababu yafaa kuuliza kwa nini elimu ya kupanga fedha za familia haipewi nafasi yake katika vyuo vikuu, kama inavyopewa elimu ya fedha za mabenki, mashirika na Serikali.

Taifa hili halikosi vyuo vya fedha. Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho leo ni chuo kikuu, kilianzishwa mwaka 1963 ili vyama vya ushirika vipate watunza hesabu. Chuo cha Elimu ya Biashara kilifuata mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha mwaka 1972. Kila kimoja kilizaliwa kwa sababu ilitambuliwa kwamba fedha za ushirika, za biashara na za umma haziwezi kuachwa mikononi mwa watu wasiosomea kazi hiyo. Kaya peke yake ndiyo iliyodhaniwa kwamba itajifunza yenyewe.

Dhana hiyo ina mizizi yake. Somo la nyumbani, lililojulikana sana shuleni kwa jina la sayansikimu, lilihesabiwa kuwa somo la wasichana, la kupika na kushona. Mafunzo ya ndoa yaliachiwa makungwi na mashangazi. Wazee hao walifundisha mengi ya hekima, lakini katika zama zao hapakuwa na hati ya mshahara, mkopo wa benki wala mfuko wa hifadhi ya jamii. Haiwezekani kuwadai elimu ambayo wakati wao haukuihitaji.

Kwingineko mambo yalikuwa tofauti. Nchini Marekani mwaka 1899, Ellen Richards, mwanamke wa kwanza kupokewa katika chuo kikuu mashuhuri cha teknolojia cha Massachusetts, aliwakusanya wenzake huko Lake Placid kuzungumzia namna ya kuyafanya mambo ya nyumbani kuwa taaluma. Mwaka 1909 walianzisha chama chao. Mwaka 1934 mwanauchumi Margaret Reid alitoa kitabu juu ya uzalishaji wa kaya, akaonyesha kwamba kazi ya nyumbani isiyolipwa ni uzalishaji kamili. Kipimo chake kilikuwa chepesi: kazi yoyote ambayo mtu mwingine angeweza kuajiriwa kuifanya ni kazi ya kiuchumi, hata ikifanywa bure na mama wa nyumbani.

Msomaji asidhani kwamba fikra hiyo ni ngeni nchini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiifasiri Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ilikwisha kutambua kwamba kaya ni chombo cha uchumi chenye haki na wajibu. Ni watumishi wangapi waliofunga ndoa ambao wamewahi kukisoma kifungu hicho kabla ya kwenda kukopa?

Hapana budi kueleza taaluma hii ni nini, maana wapo wanaodhani kuwa ni mahubiri ya kubana matumizi. Mpango wa fedha za familia ni elimu ya kulinganisha mapato ya watu wachache na mahitaji ya watu wengi katika muda wa maisha mazima. Ndani yake mna hesabu ya riba, sheria ya ndoa, ardhi na mirathi, mna bima na hifadhi ya jamii, na mna saikolojia ya mume na mke wanapozungumzia fedha au wanapoogopa kuzizungumzia. Kampuni ina lengo moja kuu, yaani faida. Familia ina malengo yanayogombana: ada ya mtoto, dawa ya mzazi, mchango wa msiba, kiwanja, na uzee ambao hausubiri. Kuyapatanisha malengo hayo ni kazi ngumu kuliko kufunga mizania ya duka.

Tazama njia anayopita mtumishi mmoja wa umma. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu hupokea fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, zile ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Kwa wengi hizo ndizo fedha za kwanza kubwa kuzishika maishani, nazo ni deni. Akiajiriwa, deni hilo huanza kukatwa kwa kiwango cha asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kama ilivyowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Asilimia 5 huenda katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, na asilimia 3 katika bima ya afya. Kwa mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, makato hayo matatu tu ni shilingi 184,000, kabla ya kodi ya mapato na kabla ya chama cha wafanyakazi. Kijana aliyeahidi nyumbani kwamba atakuwa na 800,000 kila mwezi aliahidi fedha ambazo hazikuwapo.

Hapo ndipo mkopeshaji anapopata mlango. Utaratibu wa Serikali unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Lakini mkopeshaji wa mitaani hapiti kwa mwajiri. Yeye huchukua kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, na siku ya mshahara hutangulia yeye kwenye mashine. Wananchi wameipa mikopo hiyo majina yanayostahili: mikopo umiza, na kausha damu. Hebu ichukuliwe kwamba mwalimu amekopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, naye kila mwezi anamudu kulipa riba tu, shilingi 100,000. Baada ya miezi kumi atakuwa amelipa shilingi 1,000,000, na bado atadaiwa 500,000 zilezile. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Hasara hiyo haiishii kwa mwalimu. Mtu asiye na kadi yake mwenyewe hawezi kufundisha kwa utulivu. Huondoka mapema kwenda kutafuta nauli, hukwepa simu, na mwisho hukwepa hata kazi. Gharama ya deni lake hulipwa na watoto 60 walioketi darasani wakimngoja.

Mwisho wa njia ni kustaafu. Mabishano juu ya kikokotoo, yaliyoanza kwa nguvu mwaka 2018, yaliwapata watumishi wengi wakiwa hawajui hata hesabu inavyopigwa. Kuanzia Julai 2022 malipo ya mkupuo yaliwekwa kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza nyongeza. Kilio cha wastaafu kilikuwa na haki ya kusikilizwa, nacho kilisikilizwa. Hata hivyo, pamoja na ukubwa wa mkupuo, kuna swali jingine lisilosemwa: je, yupo aliyemfundisha mtumishi, miaka 30 kabla ya siku hiyo, namna ya kuufikia umri wa miaka 60 akiwa na nyumba na bila deni?

Watakuwapo watakaosema kwamba tatizo ni udogo wa mshahara, na kwamba huwezi kumfundisha mtu kupanga kitu asichokuwa nacho. Hoja hiyo ina ukweli wake wala haifai kubezwa. Elimu haigeuzi shilingi moja kuwa mbili, na wala isitumiwe kuwa kisingizio cha kuwalaumu maskini kwa umaskini wao. Lakini ni mwenye kidogo ndiye anayeumizwa zaidi na kosa moja. Tajiri akikosea hupoteza ziada, ilhali mwalimu akikosea hupoteza chakula. Wengine watasema dawa ni sheria dhidi ya wakopeshaji wabaya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ipo, na isimamiwe kwa ukali. Ila sheria humlinda vizuri yule anayejua kusoma mkataba kabla ya kuutia saini.

Mambo mawili yanawezekana bila gharama kubwa. La kwanza ni kwamba kila mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwanza kabisa wale wanaosomea ualimu, asome somo moja la fedha za kaya kabla ya kuhitimu, litakalopimwa kwa mtihani kama masomo mengine. Mwalimu akielimika, kijiji kizima kimepata mshauri. La pili ni kukuza taaluma yenyewe. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kina shahada ya masomo ya familia na walaji, jambo linalothibitisha kwamba mbegu ipo. Wahitimu wa aina hiyo wangeweza kuajiriwa na halmashauri, vyama vya akiba na mikopo na mifuko ya hifadhi, ili mtumishi mwenye deni awe na mahali pa kwenda kabla ya kumwendea mwenye kausha damu.

Wavulana nao wasikae kando wakidhani kwamba somo hili ni la dada zao. Baba asiyemwambia mkewe kiasi cha mshahara wake amekwisha kuharibu mpango wa nyumba kabla haujaandikwa, na mke anayekopa kwa siri katika kikundi amefanya vivyo hivyo. Daftari la kaya ni lazima lifunguliwe na wote wawili mezani.

Serikali hukaguliwa hesabu zake kila mwaka, na ni vema ikawa hivyo. Lakini fedha nyingi inazolipa kama mishahara huingia katika nyumba ambazo hazina daftari. Chuo kikuu kinachomfundisha kijana kutafuta mshahara, kisha kikamwacha aupoteze, kimeimaliza nusu tu ya kazi yake.