Tusizitupe Kompyuta Zetu

Kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo huzikataa rasmi kompyuta zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Je, wenye kompyuta zilizoundwa kwa vipuri huko Migori na Homa Bay wazitupe?

Nasema la! Ubuntu, mfumo endeshi usiouzwa uliozinduliwa mwaka 2004, waweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya diski kuguswa. Fundi akague sauti na mtandao, ahifadhi nakala za kazi za mteja, ndipo ausimike.

Vyuo vya ufundi vya kaunti hizo viwafunze vijana kazi hii. Mashine iliyochumwa kwa jasho haistahili jaa.