Uti wa Mgongo Umesingiziwa

Yapo maradhi ambayo majina yake yamezoeleka vinywani hata hapana anayeyahoji. Homa ya uti wa mgongo ni mojawapo. Uti wa mgongo, kwa mzungumzaji wa kawaida, ni ule mfululizo wa pingili za mifupa unaomsimamisha mtu wima. Lakini maradhi yenyewe si ya mfupa. Hushambulia tando tatu zinazoufunika ubongo pamoja na ugwe mgongo, ule mshipa wa neva upitao ndani ya pingili hizo.

Kosa hili lisichukuliwe kuwa ubishi wa wanaisimu tu. Mama aambiwapo kuwa mwanawe huenda ana homa ya uti wa mgongo, akili yake huenda mgongoni, ilhali dalili ziko juu: kichwa kinachouma, shingo iliyokakamaa na, kwa mtoto mchanga, utosi uliovimba. Tena daktari aombapo ruhusa ya kudunga sindano kiunoni ili ateke majimaji yanayouzunguka ubongo na ugwe, si ajabu familia ikasita, ikidhani ni uti wenyewe unaotobolewa na kwamba mtoto atapooza. Jina limekwisha kuwatia hofu kabla ya sindano.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini katika nyanja hii. Dai hilo halina mashiko. Nani asiyeujua utando wa buibui, au ule unaotanda juu ya uji uliopoa? Kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, kimetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Mkunga asemapo kuwa chupa imepasuka, hapana anayetafuta vigae. Hata wanaanatomia walipouita utando wa kati wa ubongo kwa jina la buibui, kwa neno la Kiyunani, walichota katika kisima hicho hicho. Na ule wa nje, ambao Kilatini huuita mama mgumu, jina lake lilitafsiriwa kutoka Kiarabu katika karne ya 12. Lugha za sayansi nazo ziliombaomba.

Hata hivyo, uteuzi wa maneno wahitaji uangalifu. Chukua neno uwazi, litumiwalo kwa nafasi zilizomo mwilini. Mapafu yamefunikwa na utando wenye matabaka mawili, moja limeshikamana na pafu, jingine na ukuta wa kifua. Kati yake mna majimaji machache tu yanayoyateleza na kuyashikamanisha, hivi kwamba kifua kikipanuka pafu hufuata. Kwa mtu mzima wa afya hapo hapana uwazi wowote. Hewa ikiingia, pafu hunywea. Mwanya ungefaa zaidi, au hata mkunjo.

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Istilahi, basi, zipo; zimelala rafuni. Homa ya utando wa ubongo ni jina linaloeleweka bila kamusi. Atakayepinga kwamba la zamani limeota mizizi ana hoja, hasa wakati wa mlipuko, ambapo tangazo lenye jina geni laweza kupuuzwa. Yatajwe yote mawili kwa pamoja, katika mabango ya zahanati na redioni, kwa miaka kadhaa. Na wanaoandika tasnifu za istilahi watoke maktabani, wakaketi katika wodi za watoto wasikilize jinsi wauguzi wanavyowaeleza kina mama.