Ruzizi si pubeli, na si mwisho wa Congo

Vijana wenzetu wa Bukavu, Uvira na Goma, na nyinyi wa Kinshasa munaotusoma,

Jana usiku tena, giza. Tukiuliza sababu, jibu njo lile lile: taka zimeziba mashini za Ruzizi. Taka za nani? Zetu. Tukubali hilo kwanza, kisha tugombane na wakubwa.

Chukua ramani. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu hapa hapa Bukavu. Zamani sana mayi ya ziwa yalikuwa yanaelekea kaskazini. Volkano za Virunga, hizi za kwenu Goma, zikafunga njia, ziwa likajaa mpaka likapata mlango upande wa kusini. Mlango huo njo Ruzizi. Inashuka kutoka mita karibu 1,460 hadi mita karibu 770 kule Tanganyika, na sehemu kubwa ya mteremko iko kabla ya Kamanyola. Njo maana mabaraji yako huko: Ruzizi I ya 1958, pale Mururu, na Ruzizi II ya 1989, ambayo ni ya Congo, Rwanda na Burundi pamoja.

Juu ni mpaka wetu na Rwanda, chini ni mpaka na Burundi. Babu zetu hawakuuchora. Wabeleji na Wajerumani walikubaliana Brussels mwaka 1910. Tangu hapo tunafundishwa shuleni kwamba kwa Ruzizi njo nchi inaishia. Na pale nchi inaishia, watu wanapafanya kama nyuma ya nyumba: unatupa, unageuka, unaenda.

Uongo mtupu. Mayi ya Ruzizi yanaingia Tanganyika. Tanganyika inatokea Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, halafu Kindu, Kisangani, Kinshasa, mpaka Banana. Ndugu wa Kinshasa, sehemu ya mayi yanayopita mbele yenu ilipita chini ya daraja letu la mpaka. Yalitoka nje, yakarudi nyumbani, bila jetoni.

Sisi jetoni tunaombwa. Pale darajani mama wa ndoo ya nyanya anasimamishwa asubuhi, anasimamishwa jioni. Kwa kukusanya franka, wakubwa wako. Kwa mtaro unaoteremsha chupa hadi ziwani, hawako. Kadutu, Bagira, Ibanda, kodi ya soko inalipwa kila siku, na takataka ya soko inabaki pale ikingoja mvua. Mvua njo mfanyakazi wa usafi tuliye naye, na yeye anapeleka byote Ruzizi.

Sheria iko. Amri ya mwisho wa 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki Congo nzima. Nenda sokoni leo, utarudi na mitano. Ng'ambo waliikataza 2008 na wanakagua mizigo mpakani. Tunajua kuna watakaotuita wasaliti kwa kuandika hivyo. Waandike. Sisi tunataka umeme.

Wengine wanatuambia tungoje Ruzizi III, megawati 206. Sawa, ijengwe, tunaitaka. Lakini mayi yake yatatoka mlango ule ule.

Sasa swali. Umewahi kuona chupa tupu ya bia ikielea ziwani? Ni vigumu, kwa sababu ina bei, unairudisha dukani. Ya plastiki haina bei, basi inaelea. Kwa hiyo tunadai chupa ya plastiki nayo iwe na bei ya kurudisha, na anayeuza kinywaji apokee chupa yake. Tunadai nyavu za kuzuia taka kwa kila mtaro unaoingia ziwani, kabla ya mvua ya Septemba. Na yeyote anayekusanya kodi ya soko, awe nani, abandike hesabu pale pale sokoni: ameingiza ngapi, ametoa ngapi kwa usafi.

Na wewe unayesoma kwa simu yenye batri kidogo, ukingoja umeme urudi: mtaro wa nyuma ya kwenu unaelekea wapi? Kesho asubuhi fuata mpaka uone. Piga picha, andika jina la avenyu, ututumie. Tutazipeleka zote kwa meya siku moja, tukiwa wengi.